Rangi ya uso katika picha: kurekebisha au kuchubua?

Ndugu msomaji, leo tumeona tulizungumze jambo ambalo wengi watalihesabu kuwa dogo, nalo ni rangi ya nyuso zetu katika picha.

Siku hizi ni nadra katika wilaya ya Same kufungwa ndoa, kufanywa akika au kuhitimisha madrasa pasipo mpiga picha kuwepo. Ni hivyo mjini Same, Hedaru na Makanya kandokando ya barabara kuu. Ni hivyo Gonja, Ndungu na Kihurio. Na ni hivyo huko juu Mbaga na Chome. Kijana mwenye kamera moja na kompyuta moja hupata riziki yake kwa kazi hiyo, na anayeshindwa kununua kompyuta hufanya kazi yote kwa simu yake ya mkononi. Programu za kuhariri picha zimekuwa rahisi mno. Photoshop, iliyotoka mwaka 1990, hulipiwa kila mwezi kwa fedha ambazo kijana wa Same hawezi kuzitoa bila kuumia. Lakini GIMP, iliyoanzishwa na wanafunzi wawili wa chuo kikuu kule California na kutolewa mwaka 1996, ni ya bure, na Darktable ni ya bure. Snapseed ya Google haimgharimu mtu chochote isipokuwa bando la kuipakua.

Ama hukumu ya picha yenyewe, maulamaa wametofautiana. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri mwanzoni mwa karne ya 20, aliandika risala ya kuruhusu picha ya kamera kwa hoja kwamba ni kuzuia kivuli tu, si kuumba. Wapo wanazuoni wakubwa waliokataa ila kwa dharura. Hatukusudii kuufungua mjadala huo hapa. Tunasema na wale ambao tayari wanapiga na wanapigwa, nao ndio wengi.

Tuliwahi kuitwa kusuluhisha shauri la posa baina ya familia mbili, moja ya milimani na nyingine ya Dar es Salaam. Picha ya binti ilikuwa imetumwa kwa simu. Wageni walipofika, mama wa kijana alitamka mbele za watu kwamba huyu siye aliyeonyeshwa. Alikuwa ndiye. Binti ni maji ya kunde aliyeiva, lakini studio ilikuwa imempa uso mweupe mithili ya unga wa sembe, na wala hakuna mtu wa nyumbani kwao aliyeagiza hivyo. Fundi alidhani anawapendelea. Posa ile ilivunjika, na kilichovunjika zaidi ni moyo wa binti, kwani alisikia kwa masikio yake kuwa uso wake halisi ni aibu na uso wa bandia ndio ulioposwa.

Sasa tuseme nini? Wapo watakaosema: basi picha isiguswe kabisa, iachwe kama ilivyotoka kwenye kamera. Sisi hatukubaliani nao, na tunaomba ndugu msomaji atuvumilie tueleze sababu, kwa kuwa hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Kamera si shahidi mwadilifu.

Tazama historia yake. Katika miaka ya 1950 kampuni ya Kodak ya Marekani ilianza kuzipelekea maabara za kusafishia picha kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, ambayo mafundi waliiita Shirley. Mashine ilirekebishwa hadi uso wa Shirley uonekane sawasawa, kisha picha za watu wote zikapitishwa humo. Mwenye ngozi nyeusi alitoka kama kivuli chenye macho na meno. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mtengenezaji filamu wa Kifaransa, Jean-Luc Godard, alikataa kutumia mikanda ya Kodak nchini Msumbiji kwa sababu hiyo. Watafiti waliohoji wafanyakazi wa zamani wa kampuni hiyo wameeleza kuwa mkanda ulipokuja kuboreshwa, msukumo ulitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliolalamika kuwa bidhaa zao za hudhurungi hazionekani vizuri. Fikiri, ndugu msomaji: chokoleti ilisikilizwa kabla ya mwanadamu! Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja katika miaka ya 1990.

Kompyuta nazo zimerithi ugonjwa huo. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu za kampuni kubwa zinazotambua jinsia ya mtu kwa kutazama uso. Kwa wanawake wenye ngozi nyeusi makosa yalifika asilimia 34.7, kwa wanaume weupe hayakuzidi asilimia 0.8. Mwaka 2021 Google ilitoa simu ambazo kamera zake zilirekebishwa mahsusi kwa ngozi nyeusi, na mwaka 2022 ikatangaza kipimo cha rangi 10 za ngozi kilichobuniwa na Profesa Ellis Monk. Ni hatua njema, japo imechelewa, na simu hizo si zile zilizojaa mikononi mwa watu stendi ya Same.

Tena kuna mambo ya kwetu wenyewe. Kamera hupima mwanga kwa kudhani kuwa kila kilicho mbele yake, kwa wastani, ni cha rangi ya kijivu. Bwana harusi anapovaa kanzu nyeupe na kofia nyeupe, akasimama mbele ya ukuta wa msikiti uliopakwa chokaa, kamera hudhani mwanga umezidi, nayo huupunguza. Kanzu hutoka ya kijivu na uso wa bwana harusi hupotea. Bibi wa baibui jeusi hupata kinyume chake: kamera huongeza mwanga, uso ukapauka. Juu ya hayo kuna turubai. Shughuli zetu nyingi hufanyika chini ya turubai la bluu au la kijani, na mwanga unaopenya humo huwapaka wageni wote rangi ya mgonjwa. Na kule Same bondeni jua la saa saba hukata uso vipande viwili, huku vumbi jekundu likirudisha wekundu wake chini ya kidevu. Mtu aliyepigwa kule Chome penye ukungu na aliyepigwa Same juani wanaweza kuwa ndugu wa tumbo moja, na katika picha wakaonekana ni wa mataifa mawili.

Kwa hiyo fundi anayerudisha kile ambacho kamera na turubai vimekiondoa hafanyi ghushi. Anatimiza amana. Na kazi yenyewe si ngumu. Kwanza, apime mwanga kwenye uso, si kwenye kanzu. Pili, ndani ya programu atafute kitu ambacho kweli ni cheupe au cha kijivu, aiambie programu kuwa hicho ndicho cheupe, na rangi zote zitajipanga upya. (Awe mwangalifu na kanzu iliyofuliwa kwa bluu, na zile kanzu za rangi ya maziwa, hizo zitampotosha.) Kisha aongeze mwangaza katika sehemu zenye kivuli kidogo kidogo, na aguse uso peke yake pale tu inapobidi.

Mafundi wana kipimo kimoja ambacho sisi kimetustaajabisha. Katika picha ya kompyuta kila rangi hujengwa kwa nyekundu, kijani na bluu. Katika ngozi ya mwanadamu iliyopigwa kwa mwanga mzuri, nyekundu hutangulia, kijani hufuata, na bluu huwa ya mwisho. Ni hivyo kwa Mpare, kwa Mwarabu, kwa Mhindi na kwa Mzungu. Vifaa vya wapiga filamu vina mstari mmoja wa ngozi, na nyuso za watu wa aina zote hukaa karibu na mstari huo. Tofauti kubwa ni wingi wa giza na mwanga. Qur'ani Tukufu, katika Sura Ar-Rum aya ya 22, imezihesabu tofauti za lugha zetu na rangi zetu kuwa miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu kwa wenye elimu. Basi fundi aone haya kuifuta ishara hiyo kwa kidole kimoja.

Na mpaka uko wapi? Swali la kujiuliza ni jepesi: mtu huyu akiwekwa kando ya picha yake, kwenye kivuli kizuri cha mwembe saa tatu asubuhi, je, rangi zitalingana? Zikilingana, hayo ni marekebisho. Zisipolingana, huko ni kuchubua, na katika jambo la posa ni tadlisi hasa. Mtume (S.A.W.) alitia mkono katika lundo la nafaka sokoni akakuta unyevu uliofichwa chini, akamkemea vikali mwenye mali. Vilevile Mughira bin Shu'ba alipoposa, alielekezwa amtazame yule anayemtaka. Kutazama huko kuna maana gani ikiwa kinachotazamwa kimetengenezwa na filta? Na tuongeze hapa kwamba simu nyingi hulainisha na kung'arisha uso zenyewe, bila kuamriwa. Kijana anayepiga azime kwanza kitu hicho.

Lililotutia kalamu mkononi zaidi ni kinachofuata baada ya picha. Binti aliyezoea kuuona uso wake mweupe kwenye simu hutaka na kioo kimwonyeshe hivyohivyo, na njia ya mkato ni mkorogo. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini. TFDA ilivisaka kwa miaka mingi, na tangu mwaka 2019 kazi ya vipodozi iko mikononi mwa TBS. Zebaki huharibu figo. Haidrokwinoni ikitumiwa holela huiacha ngozi na mabaka yasiyotoka. Mzazi anayemkataza binti yake mkorogo, huku ukutani ametundika picha yake iliyochubuliwa na kompyuta, anamkataza kwa ulimi na kumhimiza kwa macho.

Basi familia iseme mapema, kabla ya shughuli, inapopatana bei: tunataka rangi zetu. Fundi mwenye njaa humpa mteja anachodhani mteja anakitaka, na hadi sasa wachache wamemwambia vinginevyo. Achapishe picha moja ya majaribio, aitazame mchana nje ya studio, maana kioo cha kompyuta kilichoongezwa mwanga hudanganya. Na wenye shughuli waombe wapewe pia picha za asili, zile ambazo hazijaguswa, kwenye flashi. Waziombe wiki hiyohiyo, kwa sababu kadi ya kamera hufutwa harusi nyingine ikifika.