Injini Nazo Zimeanza Kupakwa Mkorogo

Hivi jamani, ni lini tulikubaliana kwamba injini inayong'aa ndiyo injini nzima? Nauliza kwa sababu ukizunguka yadi za magari yaliyotumika hapa Dar, ukafunguliwa boneti, mara nyingi utakuta kila kitu cheusi tii: bloku nyeusi, kitako cha betri cheusi, hata mipira ya maji nayo imepuliziwa. Dalali anakenua meno: "Braza, si unaona ilivyotunzwa?" Na sisi wenye digrii zetu tunatingisha kichwa na kuanza kuhesabu noti.

Huo mimi nauita mkorogo. Unang'arisha sura leo, kesho ngozi inadai.

Wadau, msinielewe vibaya. Sipingi kupaka rangi vifaa vya injini. Mji wetu ni wa pwani, hewa ina chumvi, na chuma kisichokingwa kinaliwa na kutu. Ninachopinga ni kopo moja la bei poa kupulizwa kuanzia betri hadi ekzosi, halafu mtu anaita hiyo ni kazi.

Tuanze na joto. Maji ya injini iliyopata moto hucheza kwenye nyuzi 90 hadi 105 za Selsiasi, kwa hiyo bloku inahitaji rangi ya injini, ile ambayo kopo lake limeandikwa kwamba inavumilia nyuzi 150 na zaidi. Manifoldi ya ekzosi ni habari nyingine kabisa, maana ikipata mzigo huvuka nyuzi 500. Pale panataka rangi yenye silikoni, ya nyuzi 600 na kuendelea, na nyingi za aina hiyo hazikomai mpaka zichomwe kwa joto la hatua kwa hatua kama kopo linavyoelekeza. Ukipuliza rangi ya geti la nyumba hapo, utapata moshi, harufu, na magamba.

Halafu kuna sumu za rangi. Kitako cha betri kinadondokewa na tindikali, kwa hiyo kioshwe kwanza kwa maji ya magadi soda, kisuuzwe, kikauke, ndipo kipakwe epoksi au rangi ya unga inayookwa. Chini ya masta silinda kuna mafuta ya breki. Yale ya DOT 3 na DOT 4 yanalainisha rangi ya kawaida mpaka inabanduka kama ganda la ndizi. Pale rangi ya kuchanganya na hadena ndiyo inayostahimili zaidi. Na aluminiamu, kama tapeti kava nyingi, inataka praima yake, la sivyo rangi haishiki.

Lakini hata rangi ya bei mbaya ni bure kama haikutanguliwa na sabuni, brashi ya waya, msasa na thina. Rangi haishiki juu ya grisi. Na hapa ndipo mchezo mchafu ulipo, maana anayeosha vizuri ataona gasketi inavuja, na akishaona itabidi arekebishe. Kwa hiyo anapuliza juu ya uchafu. Wewe unanunua, wiki chache baadaye rangi inatutumka na mafuta yanatokeza. Mafuta hayo yakidondokea manifoldi ya moto, hatuzungumzii urembo tena, tunazungumzia gari kuwaka moto barabarani na watoto wako wakiwa ndani.

Tena wengine wanapuliza mpaka sehemu inapofungwa waya wa athi, umeme unaanza kusumbua. Wanafunika hata namba ya injini, ile ile iliyoandikwa kwenye kadi ya gari. Unaficha nini, ndugu yangu?

Na yule kijana anayepuliza? Hadena nyingi zina isosayaneti, kemikali inayoweza kumwachia pumu ya maisha. Kitambaa alichojifunga puani hakizuii kitu. Mwenye gereji anayeshindwa kumnunulia barakoa yenye kichujio hana haki ya kujiita bosi.

Najua nitaambiwa rangi sahihi ni ghali. Sawa. Kama hela haitoshi, paka kitako cha betri na mabano yaliyoshika kutu tu, bloku isafishe uiache ilivyo. Bloku yenye kutu kidogo lakini kavu inakwambia ukweli kuliko nyeusi inayong'aa.

Kwa hiyo mnunuzi, ukioneshwa injini nyeusi kama kiatu cha mgambo, uliza: kopo liliandikwa nyuzi ngapi? Kilioshwa kwa nini? Pitisha kidole chini ya gasketi, kisha omba gari liwashwe nusu saa, lichemke, utazame tena. Dalali akianza kukwambia ana haraka, jibu umeshapata.

Naomba kuwasilisha.