Jino Lisilouma Si Jino Zima

Kuna imani iliyokita mizizi kuanzia vijiji vya Shishiyu, wilayani Maswa, hadi kwenye meza za wapanga mipango ya afya: jino lisilouma ni zima. Mwanakijiji simlaumu kwa kuiamini. Kinachonikera ni kwamba hata watunga madodoso wameimeza, wakaigeuza kuwa swali, na jibu lake wakaliita takwimu.

"Katika mwaka uliopita uliumwa jino?" "Hapana." "Hali ya meno yako ni nzuri, ya wastani au mbaya?" "Nzuri." Mdodosaji anaweka alama ya vema na kuhamia kaya ya pili. Majibu ya namna hiyo yakirundikwa, ni rahisi mtu kukaa ofisini akahitimisha kwamba tabibu wa meno anaweza kusubiri.

Tazama jinsi jino linavyooza. Kutoboka huanzia kwenye gamba gumu la nje, ambalo halina mshipa wa fahamu hata mmoja. Uozo ukishuka chini ya gamba, maji baridi yanaanza kuchoma. Ukifika kwenye kiini, usiku haulaliki. Kisha siku moja maumivu yanakatika, na mtu anamshukuru Mungu kwamba amepona. Hajapona. Kiini kimekufa, na usaha unaweza kuendelea kujikusanya kwenye mzizi bila kelele. Mdodosaji akipita miaka miwili baadaye, mtu huyu mwenye jino lililokufa mdomoni ataandikwa kuwa hana tatizo. Fizi nazo ni vivyo hivyo. Zinatoka damu kila asubuhi, lawama inaangukia mswaki, huku mfupa unaoshikilia meno ukiliwa taratibu pasipo uchungu wowote.

Simiyu, mkoa ilipo Maswa, ina sababu yake ya ziada ya kuliogopa swali la hali ya meno. Mkoa huu ulizaliwa mwaka 2012, kwa sehemu kubwa kutoka Shinyanga ya zamani, eneo linalojulikana kwa maji ya ardhini yenye floridi nyingi. Shirika la Afya Duniani linashauri floridi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Nchi yetu, kwa uhaba wa maji, iliruhusu kiwango cha juu zaidi ya hicho kwa miongo mingi. Mtoto akiyanywa maji hayo wakati meno yake ya kudumu bado yanajengwa ndani ya taya, yanaota yakiwa na mabaka ya kahawia, na yakizidiwa sana yanamomonyoka. Hayaumi. Na pale ambapo jirani, shangazi na mwalimu wote wana meno ya rangi hiyo, nani atamwambia mgeni kwamba yake ni mabaya? Kila mtu hujipima kwa anaowaona. Ndiyo maana neno "nzuri" la kijiji kimoja haliwezi kuwekwa kwenye jedwali moja na "nzuri" la mtaa wa Dar es Salaam, kana kwamba yamepimwa kwa rula moja.

Zaidi ya hayo tuna adabu zetu. Mzee wa Kisukuma akiulizwa hali, atajibu "mhola", yaani salama, hata kama hakulala. Swali la "hali ya meno yako ikoje" linamfikia kama salamu, naye analijibu kama salamu. Na mara nyingi dodoso limeandikwa kwa Kiswahili. Kwa bibi anayezungumza Kisukuma, mdodosaji hulitafsiri papo hapo, kila mmoja kwa namna yake.

Wapo watakaosema basi tuache kuuliza, twende na vioo na taa tuhesabu matundu. Nakataa hilo pia. Hesabu ya matundu haisemi nani ameacha kula nyama, wala nani anaziba mdomo kwa kiganja anapocheka. Mambo hayo anayajua mwenye kinywa peke yake, na kuyauliza kunawezekana. Mwaka 2003 watafiti Joyce Masalu wa chuo cha afya cha Muhimbili na Anne Nordrehaug Åstrøm wa Chuo Kikuu cha Bergen, Norwe, walichapisha matokeo ya kipimo cha maswali manane walichokijaribu kwa wanafunzi wa Tanzania: je, kinywa chako kimekuzuia kula, kuzungumza, kusafisha meno, kulala, kucheka bila haya, kutulia moyo, kufanya kazi, kukaa na watu? Mtafiti Irene Kida na wenzake walikipeleka kwa wazee wa mikoa ya Pwani na Dar es Salaam, na zaidi ya nusu wakaonekana wamezuiwa katika jambo moja au zaidi, hasa kula. Ukimwuliza mtu alichoshindwa kufanya, hawezi kujificha nyuma ya salamu.

Mkulima wa pamba hapa hangoji funza amalize vitumba ndipo akubali kwamba shamba limeingiliwa. Hufunua majani na kutazama. Vinywa vinastahili walau hivyo.

Nawaomba basi wanaotuma madodoso Maswa, wawe wa wizara, wa halmashauri au wa chuo. Ulizeni mtu anatafunia upande gani na ni chakula gani amekiacha. Tafsirini maswali kwa Kisukuma kabla ya kutoka ofisini, myajaribu kwa wazee wachache kwanza. Katika baadhi ya kaya, ombeni ruhusa mtazame ndani ya vinywa, na pimeni maji ya kisima wanachotumia. Mpaka hayo yafanyike, msitumie "nzuri" ya Shishiyu kuwanyima watu wake tabibu wa meno.