Usiiachie Programu Kazi ya Bomba

Najua nimepotea wiki kadhaa, na wengine mmeniandikia kuuliza kama nimeacha kublogu. Sijaacha. Nilikuwa nimelala chini ya tangi la samaki, bomba la PVC mkononi na gundi kwenye nywele. Leo nimetoka, na nimetoka na ugomvi. Ugomvi wenyewe ni na nyinyi waandishi wenzangu wa programu.

Kila nikimwambia mtu wa fani yetu kwamba nafuga matumbawe nyumbani, hapa Nairobi, zaidi ya kilomita 400 kutoka baharini, swali la kwanza haliwi ni samaki gani, wala maji ya chumvi nayatoa wapi. Swali ni: "Unaliendesha na nini? Arduino au Raspberry Pi?" Nikijibu kwamba maji yangu hayaendeshwi na programu yoyote, ananitazama kama daktari aliyekutwa kwa mganga. Basi nasema wazi, na mnaotaka kukasirika mkasirike: programu haina kazi ya kuzuia maji yasimwagike. Anayeipa kazi hiyo hajayaelewa maji, na nina shaka kama ameielewa programu.

Najua kwa sababu mimi mwenyewe niliipa.

Kwa wasiojua tangi la namna hii, nieleze kidogo. Tangi la juu, lile wageni wanalolitazama, lina urefu wa sentimita 150, upana 60 na kimo 60. Hizo ni lita 540, na maji peke yake ni zaidi ya nusu tani. (Kabla hamjauliza: ndiyo, nilimleta mhandisi wa majengo kwanza. Nanyi mleteni.) Chini yake, ndani ya kabati, kuna tangi dogo ambalo wafugaji huliita sampu: 90 kwa 45 kwa 40. Maji ya juu humwagikia kwenye kisanduku cha pembeni kupitia meno kama ya kitana, yakashuka kwa uzito wake hadi kwenye sampu. Huko chini ndiko kuna chombo cha kutoa uchafu kwa mapovu, vipasha joto na takataka nyingine zote usizotaka mgeni azione. Kisha pampu huyarudisha juu. Ni mpango mzuri sana, ilimradi pampu inazunguka. Uhandisi wa tangi unaanza pale pampu inaposimama.

Pampu ikisimama, bomba la kurudishia maji, ambalo mdomo wake umezama, linageuka na kuanza kunyonya maji ya juu kuyapeleka chini. Mtu yeyote aliyewahi kunyonya petroli kwa mpira anaijua kanuni hii, na ladha yake pia. Maji hayakomi mpaka mdomo wa bomba ukutane na hewa.

Sasa hesabu. Sentimita moja ya maji kwenye tangi langu ni lita 9. Mdomo wa bomba nilikuwa nimeuweka sentimita 10 chini ya uso wa maji, kwa sababu ulipendeza hapo. Kwa hiyo stima ikipotea, lita 90 zinashuka. Sampu nzima ni lita 162, na niliijaza nusu, yaani lita 81. Nafasi iliyobaki: lita 81. Ongeza maji yaliyomo kwenye mabomba na kile kisanduku, kama lita 10 hivi. Hii ni hesabu ya darasa la sita, na mimi mwenye shahada ya sayansi ya tarakilishi sikuifanya.

Sikuifanya kwa nini? Kwa sababu nilikuwa na programu! Nilikuwa na swichi ya boya ndani ya sampu, kihisi cha pili juu yake endapo boya lingekwama, relei, na valvu ya umeme ya kufunga bomba maji yakianza kurudi. Niliandika mistari kama mia tatu, nikaandika na majaribio yake, yote yakapita. Kidhibiti nikakiweka kwenye betri ya akiba. Simu ingelia kukiwa na tatizo lolote. Nilijiona mtu mwerevu sana.

Stima ilipotea saa nane usiku. Asubuhi nilisoma kumbukumbu ya kidhibiti, na nawaambia ukweli, sijawahi kuandika programu iliyofanya kazi vizuri namna ile. Iliona pampu imesimama. Iliona boya limepanda. Iliamuru valvu ifunge. Valvu ilikuwa inatumia stima ya ukutani, ile iliyokuwa haipo. Programu ikaona maji bado yanapanda, ikatuma ujumbe kwangu, lakini ruta nayo ilikuwa imezimika. Ikajaribu tena, na tena, kila nusu dakika, kwa uaminifu wa kutia huruma. Haikuwa na hitilafu hata moja, na mtungi mzima wa lita 20 wa maji ya chumvi ulikuwa sakafuni.

Niliamshwa na mlango. Alikuwa jirani wa chini, mama wa makamo, na kanga begani.

"Kijana, hayo maji yanayodondoka kwangu ni yako?"

"Samahani mama, nadhani ni yangu."

"Nadhani? Yana chumvi!"

Sikuwa na la kujibu. Nililipia dari, nikapaka rangi mwenyewe, na kwa muda mrefu salamu zetu kwenye ngazi zilikuwa fupi.

Mtasema kosa lilikuwa mpangilio, si programu. Ningeiweka na valvu kwenye betri. Nimeambiwa hivyo mara nyingi. Sawa, tuiweke valvu kwenye betri. Sasa ili sakafu yangu isilowe, inabidi betri iwe na chaji, relei isiungane, boya lisikwame, valvu isigande kwa chumvi, na mimi nisiwe nimekosea mstari wa 212. Kila unachoongeza ni kitu kingine ambacho lazima kiwe kizima saa nane za usiku. Linganisha na dawa niliyotumia mwishowe: nilikata bomba nikapandisha mdomo wake ukawa sentimita 2 tu chini ya uso wa maji. Zinarudi lita 18 badala ya 90. Hakuna kinachohitaji kufanya kazi. Hewa ipo tu.

Wengine hutoboa kitundu kwenye bomba karibu na uso wa maji ili hewa iingie. Ninacho pia, lakini sikitegemei, maana kitundu huzibwa na mwani au konokono mdogo, na kinahitaji mtu wa kukisafisha. Na wale mnaotegemea valvu ya njia moja, nawaonea huruma. Ndani ya tangi la matumbawe kuna mwani wa rangi ya waridi unaoganda juu ya kila kitu kama chokaa. Siku moja utaganda kwenye mdomo wa valvu hiyo, nayo itabaki wazi kidogo. Kidogo kinatosha.

Tulipokuwa chuo tulifundishwa habari ya Therac-25, ile mashine ya mionzi ya kutibu saratani. Kati ya 1985 na 1987 ilichoma wagonjwa sita kwa mionzi kupita kiasi, na baadhi yao walikufa. Mashine iliyoitangulia, Therac-20, ilikuwa na baadhi ya makosa yale yale kwenye programu, lakini ilikuwa pia na vizuizi vya umeme na vyuma ambavyo havikuiuliza programu chochote. Kwenye ile mpya vizuizi hivyo viliondolewa, kazi yao ikapewa programu. Tulifanya mtihani juu yake, tukapata alama nzuri, tukaenda nyumbani kufanya vile vile na ndoo za maji.

Mfumo ninaousifu leo ni ule wa mabomba matatu ya kushushia maji, unaojulikana kwa jina la BeanAnimal. Bomba la kwanza limejaa maji bila hewa na hubeba karibu mzigo wote kimya kimya. Valvu yake unaizungusha polepole mpaka itulie. La pili hupokea matone yanayobaki. La tatu ni kavu, mdomo wake uko juu zaidi, linangoja siku ya balaa. Utamu uko kwenye lile la pili. Lina mrija mdogo wa hewa ambao ncha yake imeelekezwa karibu na uso wa maji. Konokono akiziba bomba la kwanza, maji yanapanda kidogo, ncha ya mrija inazama, hewa inakatika, na bomba la pili linaanza kunyonya kwa nguvu zote. Hiyo ni "ikiwa hivi, basi vile" iliyoandikwa kwa plastiki! Haina haja ya kusasishwa.

Na mabomba yote matatu yakiziba? Pampu itaendelea kupandisha maji mpaka chumba chake kwenye sampu kikauke. Chumba hicho nimekijenga kidogo makusudi, kina lita 18. Ukingo mtupu wa tangi la juu una sentimita 3, yaani lita 27. Pampu haiwezi kumwaga isichokuwa nacho. Kadhalika maji yasiyo na chumvi ya kufidia yanayokauka: wengi huunganisha pipa kubwa ili wasiwe wanajaza kila siku. Mimi natumia mtungi wa lita 20. Mfumo wangu una takriban lita 560 na chumvi ya gramu 35 kwa kila kilo ya maji. Kihisi kikikwama na mtungi wote ukamwagika ndani, chumvi inashuka hadi karibu 34, na wanyama hawatajua. Lingekuwa pipa la lita 100, ingeshuka chini ya 30, achilia mbali yatakayofika kwa mama wa chini. Vipasha joto ni hivyo hivyo: viwili vidogo badala ya kimoja kikubwa, ili kimoja kikigoma kuzima kisiwachemshe.

Nikiri jambo moja. Programu bado ninayo. Inapima joto, inachora grafu nzuri, inanitumia ujumbe, na inaweza kukata umeme wa vipasha joto maji yakizidi nyuzi 27. Hilo nimeliruhusu kwa sababu uwezo wake pekee ni kuzima, na vipasha joto vikizimwa kimakosa nina saa kadhaa kabla ya madhara. Koki ya maji haishiki.

Nimesahau fundi. Fundi wa mabomba niliyemwita mwanzoni alikuwa stadi, kazi safi kabisa, ila alinifungia valvu ya shaba. Kwake shaba ndiyo mali, plastiki ni ya maskini. Nilimwambia, "Fundi, shaba itaua kila kitu humu." Akacheka: "Boss, hii nimefunga nyumba ngapi na watu wanakunywa?" Watu wanakunywa, ndiyo. Kamba, konokono na matumbawe hufa kwa shaba kidogo sana ikiyeyuka majini. Angalieni pia vile viungo vya PPR vilivyo na nyuzi za chuma cha rangi ya dhahabu kwa ndani. Hiyo pia ni shaba. Plastiki tupu, kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Nikisema "kila kitu humu" sizungumzii mapambo. Tumbawe ni mnyama. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto, sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani yetu ilipauka na kufa. Matumbawe magumu yamo kwenye orodha ya CITES ya viumbe ambao biashara yao inadhibitiwa kimataifa. Vipande nilivyonavyo nilipewa na mfugaji mwenzangu aliyevikata kwenye vyake, na kimoja kimechukua miaka miwili kufikia ukubwa wa ngumi. Ukimuua kwa sababu ulitaka kuonyesha wenzako relei inavyobofya, mimi sitakuita mvumbuzi.

Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima. Kwangu ilirudi kesho yake. Maji yalishuka, yakasimama. Betri ya volti 12 na saa-ampea 100, ambayo naitumia nusu tu ili isife, iliendesha pampu ndogo ya mawimbi ya wati 15 ndani ya tangi la juu, kwa kuwa kinachoua kwanza ni kukosa oksijeni. Kwa hesabu ingefika saa 40. Pampu kubwa niliiacha imelala. Kidhibiti nacho kilizimika wakati fulani usiku, na sikujua mpaka asubuhi.

Sasa Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi nachomoa waya wa pampu ukutani, nasimama na ndoo, natazama sampu ikipanda. Hebu mchomoe na nyinyi, leo, kungali mchana, kisha mniandikie yaliposimama. Kwangu huwa ni sentimita 27, pale nilipochora mstari kwa kalamu nyeusi.