Tuwafundishe watoto kusoma milima yao kutoka angani

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Hata hivyo, darasani kwangu hapa Gitega niliwapa wanafunzi picha ya eneo lao iliyopigwa kutoka angani, na hakuna hata mmoja aliyeutambua mlima anaoupanda kila asubuhi kuja shule. Macho wanayo. Walichokosa ni mafunzo.

Mimi nilisoma ukimbizini, katika sekondari moja mkoani Kigoma, Tanzania. Huko tulifundishwa kusoma picha za angani tukiwa kidato cha tatu, katika somo la jiografia. Ndege hupiga picha mbili kwa kufuatana, ya pili ikirudia zaidi ya nusu ya eneo la kwanza. Ukizitazama pamoja kwa lenzi mbili, kila jicho na picha yake, milima huinuka na mabonde huzama. Hapo ndipo mtaalamu huanza kusoma miamba. Safu ndefu iliyonyooka mara nyingi ni kwatsaiti, jiwe gumu lisilolika upesi kwa mvua. Bonde lililonyooka kama limepigwa rula huenda likawa ufa wa ardhi. Mahali ambapo uoto hubadilika ghafla, huenda hata mwamba wa chini umebadilika.

Elimu hiyo ni mali. Nikeli ya Musongati, kusini mashariki mwa Gitega, inajulikana tangu miaka ya 1970. Picha za zamani za angani za nchi yetu zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Siku hizi watafiti hutumia pia setilaiti. Asiyeona ni mwenye shamba.

Kwa wazazi wangu ni Muyinga, ambayo tangu mwaka 2025 imo katika mkoa wa Buhumuza. Huko Butihinda vijana huchimba dhahabu kwa kubahatisha. Nilimwona mzee mmoja akitia dole gumba kwenye karatasi yenye picha asiyoielewa. Alipouliza shamba lake liko wapi pichani, aliambiwa asubiri.

Sisemi kwamba picha inatosha. Picha haionyeshi dhahabu. Inaonyesha pa kwenda kutafuta. Lazima mtu aende kwa miguu, avunje jiwe kwa nyundo, athibitishe. Na hapo mwenyeji anamshinda mgeni, kwa kuwa anajua kisima gani hukauka na korongo lipi huporomoka. Akijua na kusoma picha, hatapangiwa ardhi yake akiwa kimya.

Kwa hiyo naziomba wizara za elimu na madini zishirikiane. Kila shule ipate nakala za picha za tarafa yake, na walimu wafundishwe kuzisoma. Sisi tuliorudi tunajua uchungu wa kuambiwa, kwa karatasi ya mtu mwingine, kwamba hapa si pako. Tusiwarithishe watoto wetu uchungu huo.