Vitufe vya usukani havijakufa, pima kwanza

Wasee wa magari, tuongee ukweli. Umenunua gari la mtumba la Japani. Redio yake inashika FM 76 hadi 90, na stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo, basi ukabadilisha redio. Kutoka hiyo siku vitufe vya usukani havifanyi kazi, na fundi anakuambia, "Hizo zimekufa boss, zoea tu."

Mimi nasema hazijakufa. Ni vile hakuna kitu cha kuzisoma.

Kwa magari mengi, kila kitufe kina rezista yake, na vyote vinapita waya mmoja na graundi. Kila ukibonyeza, ukinzani unabadilika. Sasa chukua Arduino Uno, weka rezista ya omu 1,000 kati ya volti 5 na huo waya, halafu soma. Kitufe cha omu 330 kitakupa volti 1.24 hivi, na Arduino itaonyesha karibu 254, kwa kipimo cha 0 hadi 1023. Usipobonyeza chochote, inakaa karibu 1023. Hiyo ni sheria ya Ohm, ile tulisoma sekondari tukiuliza itatusaidia wapi.

Kutoka hapo ni programu fupi: namba ikikaa kati ya 230 na 280 kwa muda kidogo, washa relei. Relei inaweza kuwasha spotilaiti, kamera, chochote unataka. Usiandike 254 peke yake, juu namba hucheza.

Na redio yako mpya ikiwa na waya wa kufunzwa vitufe, tumia huo, usijisumbue na Arduino.

Lakini kama unafanya, fanya vizuri. Relei ndogo ya volti 5 inakula kama miliampia 70, na pini ya Arduino haifai kubebeshwa zaidi ya 20. Weka transista katikati, na diodi kwa koili. Umeme wa gari hufika volti 14 injini ikinguruma, kwa hivyo ushushe kwanza. Na zile plagi za njano ndani ya usukani ni za mfuko wa hewa unaokuokoa ukigonga. Hizo usiguse, hata kama una haraka.

Shida yetu ni hii: mteja hulipia kitu anaona kwa mkono. Fundi akikaa nusu saa na mita akipima waya, unasema hajafanya kitu na unataka kumpunguzia. Basi naye amejifunza kusema "imekufa", juu hiyo haichukui dakika, na spea mpya inamletea faida.

Fundi, pima kabla ya kuzika. Na wewe mteja, lipia hiyo nusu saa. Mara nyingi ndiyo kazi yenyewe.