Bibi Harusi wa Mkiwa na Chungu cha Watu Wawili



Leo tunataka kusema na mabibi harusi, hasa wale ambao ndoa imewavusha maji na kuwapeleka bara ndani kabisa. Katika mafunzo yote anayopewa mwari kabla ya nikaha, liko moja tunaloliruka kila mara: namna ya kupika chakula cha usiku cha watu wawili, siku ya kawaida, Jumanne isiyo na mgeni wala sikukuu. Mwari anasingwa, anafukizwa udi, anafundishwa kumpokea bwana mlangoni na kumjibu kwa upole. Ya jikoni anaambiwa neno moja tu, kwamba mume hushikwa kwa tumbo. Kisha anakabidhiwa masufuria.

Na masufuria yenyewe! Seti nzima ya kupangwa moja ndani ya jingine, na lile la chini kabisa unaweza kumwogeshea mtoto.

Tunajua yanakotoka. Nyumba tulizokulia zilikuwa za watu kumi na zaidi. Mama hapimi, mkono wake ndio mizani. Nazi tatu, mchele kilo mbili na ushei, na chakula kikizidi yuko mtoto wa jirani, kikipungua mchuzi unaongezwa maji. Msichana aliyelelewa hapo anawapikia watu kumi na wawili huku amefumba macho. Mweke mbele ya mume mmoja na sahani mbili, atababaika. Atapika kingi, kitalala, kitamwagwa, na mwisho wa mwezi bwana atauliza mchele unakwenda wapi. Ugomvi mwingi wa ndoa changa tunaousikia huanzia hapo, ingawa wenyewe watakwambia umeanzia pengine.

Chukua Mkiwa. Iko wilaya ya Ikungi, mkoa wa Singida, pale barabara inayotoka Itigi inapokutana na barabara kuu ya Manyoni kwenda Singida. Kwa gari ni zaidi ya kilomita 500 kutoka Dar es Salaam, na wa Unguja bado hujamhesabia boti. Watu wengi wanaijua kwa kuipita tu dirishani mwa basi. Lakini mwalimu, muuguzi au fundi wa barabara akipangiwa kazi upande huo, mkewe humfuata, na miongoni mwa wake hao wamo binti zetu. Jina peke yake linatosha kumtia mtu unyonge, maana kwetu mkiwa ni mtu aliyebaki bila wake. Dada, jina la mahali lisikutishe. Ila upweke upo, na saa yake ni hiyo hiyo ya magharibi, unapowasha jiko na hakuna wifi wa kukukunia nazi.

Nazi yenyewe hakuna. Singida ni nchi kavu, mvua yake ni msimu mmoja, na mnazi hauoti. Nazi ukiipata imesafiri kwa lori na bei yake imesafiri nayo. Hapa ndipo tunapotofautiana na mama zetu wengi, wanaomtumia binti nazi kwa basi kila mwezi ili bwana asikose wali wa nazi. Tunaona mapenzi yaliyomo, lakini tunaona pia kwamba binti huyo hatalizoea jiko lake milele. Atakuwa anapika Unguja akiwa Ikungi, na kila chungu kitamkumbusha alichokikosa.

Tazama badala yake kilichopo. Singida ni mkoa wa alizeti, mafuta yake yanauzwa nchi nzima. Kuna vitunguu, kuna mtama na uwele, kuna karanga na dengu. Kuna kuku wa kienyeji ambao watu wa Dar wanawalipia ghali kwa jina la Singida tu. Upande wa Manyoni na Itigi kuna asali ya misituni. Bibi harusi mwenye vitu hivi si masikini wa jiko hata kidogo.

Anza na karanga, kwa sababu ndizo zitakazokutoa machozi ya nazi. Zikaange, zimenye, zitwange ziwe laini, uzikoroge kwa maji ya vuguvugu. Mchuzi ukishaiva ndipo unapozitia, moto mdogo, na mwiko usiondoke mkononi, maana karanga hushika chini upesi kuliko tui. Kwa wawili, ngumi moja ya karanga inatosha. Kisha mlenda. Tunawasikia wanaosema unateleza, na tunawauliza, bamia tunazokula huku zinafanya nini? Wenyeji wanautia magadi kidogo na wanaula kwa ugali wa mtama. Mwombe jirani akufundishe. Ndiyo njia fupi kuliko zote ya kupata shoga katika mji usiomjua mtu.

Kuku mnunue mzima, hai, achinjwe na Muislamu unayemwona. Waislamu Singida ni wengi, halitakuwa jambo gumu. Kwa watu wawili kuku mmoja ni wa siku mbili: leo mapaja na kidari kwa mchuzi, kesho mgongo, shingo na mabawa kwa supu ya tangawizi na ndimu. Hiyo ni kama una friji. Kama huna, bakuli moja lipeleke kwa jirani usiku ule ule. Mtume (s.a.w.) alimuusia Abu Dharr kwamba apikapo mchuzi auongeze maji na awakumbuke majirani. Tunaupenda usia huo kwa sababu unamfaa hasa mwenye nyumba ya wawili, ambaye kila alichokipika kinaelekea kuzidi.

Dengu nazo ni rafiki wa mwanamke asiyetaka kukaa jikoni jioni nzima. Kikombe kimoja cha chai kilichojaa dengu kavu kinawatosha wawili kwa milo miwili. Ziloweke tangu asubuhi, zichemshe, na ugawe kabla hujaunga. Fungu moja liunge leo kwa kitunguu, nyanya na bizari. La pili kesho lingie kwenye wali. Mchele kikombe kimoja na nusu unawatosha. Ukiunga zote leo, kesho utakuwa umemwekea bwana kiporo, na atajua.

Kuloweka kunapunguza moto pia. Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Maneno makubwa hayo, lakini nyumba ya wawili ndiyo rahisi kuanza: mtungi wa gesi wa kilo 6 na chungu kidogo. Usiupeleke mtungi huo kwenye makongoro.

Sasa kwa kina baba, maana wengine mnasomewa haya na wake zenu. Bwana anayeacha pesa ya chakula mezani asubuhi bila kujua kitunguu kinauzwaje hana haki ya kuuliza mchele umekwenda wapi. Nendeni sokoni pamoja, japo mara moja kwa wiki. Na jioni kumenya kitunguu hakumpunguzii mtu uume. Bibi Aisha (r.a.) aliulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, naye akaeleza kuwa alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani mwake mpaka wakati wa sala. Yule anayepitia chipsi mayai stendi kwa sababu chakula cha nyumbani kinachelewa, aulize kwanza nani alibaki kukipika peke yake.

Na mle pamoja. Katika nyumba kubwa tulizotoka, wanaume walikula kwao na wanawake kwao, na mpishi alikula mwisho, amechutama jikoni, mapande mazuri yameshakwenda. Tunawaona mabibi harusi wanaobeba desturi hiyo hadi kwenye nyumba ya watu wawili: wamtengee bwana sinia, wafunike kawa, wao warudi jikoni. Kwa ajili ya nani? Hapana mkwe, hapana mgeni. Kaa hapo hapo mkekani, sinia moja, mkono wako na wake.

Watatuambia mwacha asili ni mtumwa. Asili hatujaiacha. Ijumaa pika pilau, Ramadhani pika tambi za sukari, na wageni wakija kutoka nyumbani toa kila ulichofundishwa na mama. Tunachokataa ni bibi harusi kufanya karamu kila usiku mpaka apagawe, aone ndoa ni adhabu, kumbe kilichomchosha ni sufuria.

Mama wa bibi harusi, unayefunga vyombo mwezi huu, lile sufuria kubwa la chini liache nyumbani. Mahali pake tia chungu cha lita mbili, kinu kidogo cha karanga na mkeka wa kulia. Mzigo wa boti na basi nao utapungua.