PIKIPIKI NA MITEREMKO YA UPARE

Zamani mtu wa Mbaga, Suji au Vudee aliyekuwa na mgonjwa nyumbani hakuwa na njia ila machela na mabega ya jirani zake. Leo hupiga simu, na pikipiki ikafika mlangoni. Hatuidharau neema hiyo. Tangawizi ya Mamba Miamba, ndizi za milimani, mwalimu aendaye shuleni na mama mjamzito, wote hutegemea magurudumu mawili. Kwa sababu hiyo twaona haifai chombo hicho kitunzwe kwa kubahatisha, kama kinavyotunzwa sasa na wengi.

Tuanze na mteremko, maana ndio unaoua. Wako vijana wazimao injini huko juu, au watoao gia, ili pikipiki iteremke bure na petroli ibaki. Pikipiki nyingi za kazi zina breki ya ngoma nyuma, na nyingine hata mbele. Breki hiyo ikishikwa mfululizo hupata moto, na ikipata moto nguvu zake hupungua. Mguu hukanyaga na chombo kisitii. Hapo kuna abiria mgongoni, na pengine gunia la tangawizi juu yake. Ipasavyo ni kuteremka kwa gia ndogo, ile ambayo mtu angeipandia, akiachia mafuta ili injini yenyewe izuie mwendo, na breki zisaidie kwa kushikwa na kuachiwa. Petroli inayookolewa kwa kuzima injini haitoshi hata kununua bandeji.

Uwanda wa Same ni nchi kavu, na vumbi lake ni jembamba kama unga. Kichujio cha hewa kikiziba, injini hukosa pumzi na kunywa petroli nyingi. Kikichanika, vumbi huingia ndani na kuisaga. Na kisafishwe mara kwa mara, si kungoja moshi utoke. Oili nayo haina mzaha. Katika pikipiki hizi oili ile ile moja, ipatayo lita moja tu, hulainisha injini, gia na klachi pia. Ichafukapo vyote vitatu huumia pamoja, na aliyejaza oili isiyofaa kwa klachi ya pikipiki asishangae ikiteleza katikati ya mlima. Cheni isafishwe kwa brashi na mafuta ya taa kidogo, kisha ipakwe oili, na iwe na ulegevu wa sentimita mbili hadi tatu katikati. Ikikazwa mno huweza kukatika. Ikilegea mno hutoka katika meno yake na kufunga gurudumu la nyuma. Tairi lenye upara halina kazi katika udongo wa masika.

Lakini tukiishia kumlaumu kijana hatutakuwa tumesema kweli yote. Wengi wao hawamiliki pikipiki wanazoendesha. Wanamletea mwenye mali hesabu ya kila siku, na siku ya kubadili breki huanza mabishano: tajiri asema aliyeichakaza ndiye atengeneze, kijana asema si mali yake. Wakati wanabishana, pikipiki imekwisha panda Chome na abiria. Twamwambia mwenye mali pasipo kuficha kwamba breki, cheni na tairi ni juu yake, na jambo hilo liandikwe katika mkataba, pamoja na siku moja ya fundi isiyodaiwa hesabu.

Katika mavazi, kofia ngumu hutangulia. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2008, uliokusanya matokeo ya nchi mbalimbali, ulionyesha kwamba hupunguza hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69 hivi, na ya kufa kwa asilimia 42 hivi. Lakini kofia ining'iniayo kwenye usukani haimlindi mtu, wala ile isiyofungwa mkanda, wala ile iliyokwisha kuanguka vibaya ikapasuka. Abiria wakataao kwa ajili ya jasho la wengine wana haki ya kuchukia uchafu. Basi wachukue kitambaa chao cha kujifunga kichwani kwanza. Ndala nazo ziachwe nyumbani. Kiatu kilichofunika kifundo, koti zito na glavu vyafaa hata kwa ukungu wa Shengena, ambao humgandisha mtu vidole asiweze kubana breki.

Wazee wa Upare walizibua ndiva na mifereji yao kwa msaragambo, wala hakuna aliyengoja maji yakauke ndipo aulize zamu ni ya nani. Twashauri kila kijiwe cha bodaboda, kuanzia Same mjini hadi Mwembe na Gonja, kichange fedha kinunue pampu, kipimo cha upepo na seti moja ya spana, vikae kijiweni kwa matumizi ya wote. Na kazi hiyo ianze kabla ya mvua.